Kdl. Aulizwe

Jumatatu, 3 Machi

Katoni kumi na tisa leo asubuhi. Dereva kazishusha mlango wa nyuma, kachukua sahihi yangu, kaondoka bila hata kunywa maji. Zimefungwa kwa utepe wa kahawia, kila moja ina namba ubavuni kwa wino mwekundu.

Mwandiko ule niliujua kabla sijaisoma fomu.

Mtoaji ni kaka yangu. Fomu haisemi hivyo, bila shaka. Inasema mhadhiri mstaafu wa siasa na migogoro. Mkuu wa maktaba kaisoma, kafurahi mpaka miwani ikamteleza puani. Akaniuliza kama namjua huyu bwana, maana kaandika sana juu ya usuluhishi! Nikasema nimemsikia. Na si uongo. Nimemsikia tangu nazaliwa.

Miaka saba hatusemezani. Bingwa wa usuluhishi, na dada yake wa pekee hajui hata anakula nini siku hizi. Sawa, na mimi sikupiga simu. Tuko sare.

Sikumwambia Mkuu. Hakuuliza.

Kabla ya kutoka nimefungua katoni mbili tu. Juu kabisa, kitabu kinene cha mapinduzi ya kijeshi. Chini yake — katuni! Jitu limevaa joho jekundu, ngumi zimekunjwa. Chini yake tena, kitabu cha mipaka na vita. Kisha katuni. Kisha kitabu cha dola. Mashujaa wa kuruka angani wamelala ubavuni mwa wasomi, kimoja hiki kimoja kile, mpaka chini. Wifi yangu lazima kafunga haraka, kachanganya. Mke wa kaka ni mtu wa haraka tangu zamani.

Kesho nitavitenganisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimetenganisha. Siasa kushoto, katuni kulia. Siasa inaingia kwenye daftari, inapigwa muhuri, inapata namba mgongoni. Katuni zinasubiri kikao cha Ijumaa, maana Mkuu hajui aziweke wapi.

Halafu nikakung'uta. Sheria ya chumba chetu cha kuorodhesha: kitabu huingia kitupu. Unakishika kwa mgongo, kurasa zinaning'inia, mitikiso mitatu. Miaka ishirini na sita nakung'uta vitabu vya watu. Nimeshaokota pini za nywele, picha ya mbavu ya hospitali, jani la mhindi, jino la mtoto ndani ya kamusi. Vya wengine huwa vitu viwili vitatu.

Vya kaka vilinyesha! Vipande vya karatasi, vyembamba, vimekatwa kwenye karatasi za mitihani ya zamani. Kwenye siasa vimo, kwenye katuni vimo. Mitikiso mitatu, vipande kumi. Sakafu ikawa nyeupe. Bwana Gundi, fundi wetu wa majalada, kapita na brashi yake, kauliza kama kuna harusi. Nimevizoa vyote nikavitia kwenye boksi la viatu. Sheria inasema vitu vilivyookotwa vikae mwezi mmoja, kisha vitupwe.

Katoni ya kumi na moja nilikaa nayo muda. Kimulimuli! Shujaa wetu wa utotoni, koti la njano, taa kifuani; namba moja mpaka thelathini na tisa, zimepishana na siasa. Zile zile. Pembe zimeliwa, namba saba ina duara la kikombe cha Mama. Zetu. Zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama, na siku tuliyofunga nyumba yake baada ya kumzika nikakuta sanduku halipo. Kaka kalipakia garini kimyakimya. Nikamfuata uani mbele ya ndugu wote nikamwambia: unafundisha watu amani, kumbe mwizi wa katuni. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Na wewe kazi yako ni kupanga vitabu usivyosoma."

Basi. Ndiyo yote. Maneno hayafiki kumi.

Lakini alijua anapiga wapi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili ili Mama apate mtu wa kumgeuza kitandani. Yeye akaendelea mpaka juu kabisa. Sikumwonea wivu hata siku moja — mpaka siku ile.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Vitabu arobaini na vitatu vimeingia daftarini.

Wakati wa chai nimechungulia boksi la viatu. Si kusoma, kuchungulia. Vipande vina maneno machache machache. "Linganisha na uk. 212." "Hii ni hoja ya mbabe." Na hiki: "Kdl. hatakubali." Na kingine: "Tazama Kdl." Na kingine: "Kdl. yuko kinyume kabisa hapa, na ana haki."

Nani huyo Kdl.? Mwandishi gani ninayeweza kuwa simjui, na vitabu vya siasa vyote vya jengo hili vimepita mikononi mwangu?

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna Kdl.

Nimetazama katalogi, herufi K yote. Nimetazama orodha ya vifupisho iliyo nyuma ya vitabu sita vinene. Nimemwuliza binti wa dawati la marejeo. Kapekua kompyuta yake, kasema labda ni Mjerumani. Bwana Gundi kasema labda ni dawa ya kikohozi.

Kazi yangu ni vifupisho. Mtu akiniandikia nusu ya jina la mwandishi nampa lililobaki. Hiki kinaniwasha. Kwa jinsi kaka anavyomtaja, huyu Kdl. ni mtu mzito: wengine wote anawasahihisha, huyu anamwogopa. "Kdl. atacheka akiona hili." Kaka yangu kuogopa kuchekwa? Ningependa kumsoma huyo mtu. Ningemwandikia barua ya shukrani.

Nimejaza fomu ya kuulizia maktaba kuu. Mwandishi: Kdl. Somo: siasa na migogoro. Nimepiga muhuri nikatuma.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao. Dakika kumi na mbili. Mkuu kasema vitabu vya siasa ni neema, shukrani ziandikwe. Katuni hazina mahali. Chuo si chekechea. Mhasibu kasema mwanawe angezipenda. Mkuu kamtazama mpaka akanywa maji. Imeamuliwa katuni ziondoke Jumatano na gari la karatasi chakavu, ziende kusagwa.

Mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu. Nimeandika: "Imeamuliwa." Ningeweza kusema neno. Nikajitia hamnazo.

Wakati wa kubana fomu ya mtoaji kwenye jalada nikaigeuza. Nyuma kuna sehemu ya masharti. Watu huwa hawaijazi, kwa hiyo huwa siisomi. Yeye kaijaza. Neno moja, herufi kubwa, zimepanda zimeshuka kama zimeandikwa ndani ya gari:

VISITENGANISHWE.

Nimemwonyesha Mkuu. Kasema ni kawaida, mtoaji anataka juzuu za seti moja zikae pamoja, na juzuu tumezikalisha pamoja. Nikasema ndiyo.

Lakini nimerudi mezani nikaisoma tena. Kimoja hiki, kimoja kile, mpaka chini. Katoni zote kumi na tisa. Hakuna mtu wa haraka anayechanganya kwa mpango namna ile.

Wifi hakufunga zile katoni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya jambo ambalo sijafanya tangu niajiriwe: jana jioni nilitoka na mali ya maktaba. Boksi la viatu, ndani ya mfuko wa mboga. Bawabu kanitakia wikendi njema, mimi jasho kwapani!

Asubuhi hii nimefua, nimeanika, nimetandika shuka jeupe kitandani na kuvimwaga vipande vyote juu yake. Mia sita na kitu. Utavipangaje? Tarehe vimeandikwa vichache. Namba za ukurasa, nusu. Nimekaa nikavitazama tu kama mtu anayechagua mchele, na nikaona. Mwandiko. Kuna vyenye herufi ndogo kama chawa, zile herufi za kaka za ujanani, za kubana karatasi. Kuna vya wastani. Kuna vikubwa. Na vichache vya mwisho, maneno mawili yamejaza kipande kizima, yanaparamia ukingo. Nikavipanga kwa ukubwa wa herufi, kutoka upande wa mto wa kulalia mpaka upande wa dirisha. Tarehe zilizopo zikakubali, moja baada ya nyingine.

Nikajivunia, mpumbavu mimi. Nikaenda kugeuza nguo kambani. Huko kambani ndipo nikaelewa nilichokipanga. Macho yake. Ni miaka thelathini ya macho yanayokwisha.

Nikarudi, nikaanza kusoma upande wa mto. Mwandiko wa chawa. Kipande cha nane au cha tisa:

"Swali la Kdl. (miaka 8), Kimulimuli namba 12, uk. 3: NANI ALIMTUMA? — Wote hawa wanalizunguka. Hakuna aliyelijibu. Na mimi sijalijibu."

Nikakaa chini. Sakafuni kabisa.

Kidole.

Kdl. ni Kidole. Kidole ni mimi.

Nilikuwa naruka mistari nikisoma. Ndiyo maana niliweka kidole chini ya kila neno, na kaka akaniita Kidole, na Mama akafuata, na mtaa mzima ukafuata. Hakuna aliyeniita hivyo tangu Mama afe. Nilishasahau kuwa ni jina.

Na siku yenyewe naikumbuka. Tulisomea chini ya meza ya kulia, kitambaa kimeshuka pande zote, tochi ya baba. Kimulimuli anavunja ukuta wa nyumba ya mtu, anawakamata wezi watatu, anawafunga kwa waya, anaruka zake. Nikaweka kidole juu ya koti la njano nikauliza, nani alimtuma? Kaka akasema katumwa na haki. Nikasema haki imemwambia lini? Akasema haki haisemi, mjinga wewe. Nikasema basi kajituma mwenyewe, na ukuta nani ataujenga? Alicheka mpaka akagonga kichwa chini ya meza. Yeye miaka kumi na minne, mimi minane.

Nilidhani alicheka tu.

Nimesoma mpaka saa saba mchana, chai imepoa, sikuinuka. "Hapa Kdl. alikuwa sahihi. Sikumwambia." "Mhariri kaniuliza hoja hii nimeitoa wapi. Nikasema kwa mwenzangu." "Kdl. asingeacha hili lipite." Vingine vina tarehe. Nimetafuta mwaka ule, mwaka wa uani. Nikadhani vitakoma.

Havikukoma. Mwezi mmoja baada ya mimi kumwita mwizi mbele ya watu: "Namba 21. Mtu akichukua kilicho cha wawili bila kuuliza, hata kwa kukihifadhi — nani alimtuma? Jibu: hakuna." Nimekisoma kile mara nyingi. Nimelia, naam. Nguo zikakauka zikawa ngumu kama mbao.

Cha mwisho kiko peke yake karibu na dirisha. Herufi kubwa kuliko zote. Hakina namba wala tarehe.

"HAPA SIJUI. KDL. AULIZWE."

Hapa wapi? Kaka, hapa wapi? Hiki kipande kilikuwa ndani ya ukurasa fulani wa kitabu fulani, kinanisubiri. Na mimi nikakishika kwa mgongo kile kitabu. Mitikiso mitatu.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda popote. Nimepiga pasi vitu visivyohitaji pasi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika saa moja kasoro. Kabla wengine hawajaja nimejaribu kurudisha vipande mahali pake. Vyenye ukurasa na maneno ya kutosha vinajulikana vilipotoka. Nimerudisha sitini na kitu. Vingine vinasema tu "Hapana!" au "Sawa na juzi." Sawa na juzi! Utakirudisha wapi hicho?

Nimejaribu kukumbuka mpangilio wa katoni, kitabu kipi kililala na katuni ipi. Sikukumbuka, maana sikutazama. Ndipo nikaelewa alichofanya. Alivioanisha. Kila kitabu cha siasa alikilaza na katuni inayokibishia, na vipande vinakwenda huku na huku kati yao kama watu wanaorushiana maneno dirishani. Mimi nikaja nikawapa talaka wote ndani ya asubuhi moja, kisha nikapumzika kunywa chai.

Bwana Gundi kanikuta nimeshika tama. Nikamweleza yote, tangu sanduku la bati. Hakutania. Kauliza tu, "Sasa dada, kwa nini usimpigie?" Nikasema si rahisi. Kasema kuunganisha jalada la kitabu kilicholoa nako si rahisi, ila unaanza na gundi. Huyo huwa hakosi kuingiza gundi.

Saa tano limekuja jibu la maktaba kuu: "Mwandishi huyu hayumo katika orodha yetu. Tafadhali toa jina kamili."

Nikacheka peke yangu mpaka binti wa marejeo akachungulia.

Saa nane nimepiga moyo konde, nimeingia kwa Mkuu. Nimemwambia mtoaji ni kaka yangu. Nimemwambia "visitenganishwe" maana yake ni katuni na siasa pamoja, na mimi nimevitenganisha, na tukizisaga katuni tumesaga nusu ya kazi ya mtu. Kavua miwani. Kisha:

"Wiki nzima hujasema ni kaka yako?"

"Hukuuliza, mkuu."

"Nilikuuliza kama unamjua!"

Kweli, aliuliza. Uso umenishuka. Basi kasema hivi: gari la karatasi litasubiri mpaka Jumatatu ijayo. Mtoaji aeleze sharti lake kwa maandishi. Akisema pamoja, atatafuta rafu, hata akichekwa na chuo kizima. Asiposema, zinaondoka.

Nikasema huenda haoni kuandika.

"Basi aseme, wewe uandike. Nenda kamwone. Ni kaka yako."

Kaniandikia fomu palepale. Ninayo.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia wifi. Kaitika simu kama tuliongea jana: "Abee, wifi yangu!" Mimi hata salamu sijamaliza, yeye anacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Haraka hiyo.

Macho ya kaka yamekufa katikati. Anaona pembeni tu. Akikutazama usoni hakuoni, akitazama ukuta ndipo anakuona sikio. Kusoma, hakuna tena tangu mwaka jana. Katoni alizipanga mwenyewe, kwa kupapasa, wiki tatu. Wifi alitaka kumsaidia akafukuzwa chumbani. Na vyuo viko vitatu karibu nao zaidi ya chetu. Viwili vilikuja kuviomba vile vitabu kwa barua.

"Nikamwuliza, mbona unavipeleka mbali hivyo? Akasema huko kuna mtu atakayevisoma."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

Wifi kasema: asikwambie mtu, anangoja. Kila simu ikilia anainua kichwa. Nikamwomba asimwambie nimepiga. Kasema, "Nyinyi wawili mtanizeesha," akakata.

Jumatano, 12 Machi

Kazi. Vitabu kumi na tisa. Sijakung'uta hata kimoja.

Alhamisi, 13 Machi

Nimevaa niende baada ya kazi. Nikafika kituoni, nikakumbuka sikufunga dirisha la chumba cha kuorodhesha. Nikarudi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nilikuwa nimelifunga mwenyewe na nilijua.

Ninaogopa nini? Hili hapa, niliandike: akiniuliza kile kipande cha mwisho nilikikuta wapi, nitamjibu nini? Yule mtu alichagua chuo cha mbali kwa sababu nitasoma. Na alilosema uani siku ile ndilo nililofanya hasa. Nilipanga vitabu bila kusoma. Miaka saba nimekasirikia neno la kweli.

Si la kweli lote. Lakini wiki iliyopita lilikuwa la kweli.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia hapa hapa kwao, sebuleni, daftari juu ya goti. Yuko jikoni anachemsha maji. Kakataa nisimsaidie. Namsikia anapapasa makopo, anayaita kwa majina yao: chumvi, si wewe, majani, njoo.

Bwana Gundi kanisindikiza mpaka mlangoni na gari la binamu yake, maana katoni ya kumi na moja, ile ya Kimulimuli niliyoazima kwa ruhusa ya Mkuu, ni nzito. Kaishusha, kakimbia. Wifi katoka kwa mlango wa nyuma mara tu aliponiona, eti anafuata vitunguu. Vitunguu vimejaa hapa kapuni, navitazama.

Nilibisha. Nyayo. Mlango ukafunguka. Kazeeka kaka yangu. Mabega yameanguka, vifungo vya shati kafunga kwa kurukaruka. Akanielekezea uso, kisha akaugeuza pembeni, anatazama kwa ubavu kama kuku.

"Nani?"

"Mimi."

Akabaki ameshika mlango. Nikasikia saa yao ya ukutani, ile ya Mama. Kumbe na saa aliichukua! Halafu akasema polepole:

"Nani amekutuma?"

Fomu ya Mkuu ilikuwa mkobani. Ina muhuri, ina tarehe, ina sahihi. Ningeweza kusema nimetumwa na kazi, na lingekuwa kweli tupu, na tungekaa kama mtoaji na mpokeaji, tukamaliza kwa robo saa.

Nikasema, "Sijatumwa na mtu, kaka. Nimejileta."

Akanipisha.

Hajaomba radhi. Na mimi sijaomba. Kauliza habari za kazi, nikasema njema. Kapapasa katoni, katoa zile za juu, kazinusa. Namba saba kaitambua kwa duara la kikombe, kwa ncha ya kidole chake. Tukacheka kidogo, kila mtu upande wake. Nikamwambia nimesoma vipande. Vyote. Akauliza, "Vyote?" Nikasema vyote, na kwamba Kdl. nilimtafuta kwenye katalogi siku nzima, nikamwagizia maktaba kuu. Hapo alicheka kicheko kile cha chini ya meza, mpaka akashika mbavu. Kisha akafuta macho, yale yasiyoona, akauliza kile cha mwisho nilikikuta kitabu gani.

Nikamwambia. Kwamba nilivikung'uta. Kwamba kipande ninacho, ila mahali pake sina.

Aliirudisha namba saba katonini. Nikadhani ndiyo basi, miaka mingine saba. Nikamwuliza kama anakumbuka "hapa" ilikuwa wapi.

"Nilikuwa nakumbuka," akasema. "Ndiyo maana niliandika, nisije nikasahau."

Akainuka. Akasema hapo pana njia moja tu: kusoma. Namba moja mpaka mwisho, na kila kitabu na mwenzake, mpaka nifike mahali ambapo mimi mwenyewe nitasimama nimuulize. Pale nitakaposimama ndipo hapo. Katoni kumi na tisa. Nikasema hiyo ni kazi ya miaka, kaka. Akasema yeye hana safari. Akaenda kuchemsha maji.

Fomu bado iko mkobani. Jumatatu gari linakuja.

Amerudi na vikombe, kimoja kimemwagika kwenye sahani. Ameketi. Ameuliza naandika nini, nimesema orodha. Kimulimuli namba moja iko wazi gotini kwangu, ukurasa wa kwanza, koti la njano juu ya paa. Amegeuza uso kwenye ukuta ili anione.

"Bado unaweka kidole," amesema.

Kumbe nimekiweka. Anasubiri. Nasoma sasa—